Kidonge kilekile kilinilewesha mimi, mume wangu hakikumgusa: kwa nini?

Swali limetoka kwa msomaji wa Muheza, mama wa makamo. Nalifupisha: "Habari za kazi, daktari. Mimi na mume wangu tulianzishiwa ARV siku moja mwaka 2014, kidonge kimoja kila usiku. Mwenzangu hakusikia kitu. Mimi nilikuwa naamka kama mlevi, ndoto za kutisha, mchana kichwa kizito, na hali ile haikuisha mwezi wa kwanza wala wa sita. Wifi yangu akasema damu yangu haipatani na dawa. Tulipobadilishiwa dawa nikawa mzima. Sasa binti yangu wa miaka 22 amekutwa na TB, yupo wiki ya pili ya dawa, na mkojo umekuwa mwekundu. Kwa kuwa damu yetu ni moja, nimwambie anywe nusu kwanza mpaka mwili uzoee? Na inakuwaje dawa moja imfanye huyu hivi na yule vile?"

Nianze na la haraka. Hapana, mama. Binti asipunguze hata kidonge kimoja, wala asiruke siku. Nusu dozi haiuzoeshi mwili; inawapa bakteria wa TB nafasi ya kuizoea dawa, na TB sugu ni safari nyingine kabisa, yenye dawa nzito zaidi na maudhi makubwa zaidi. Idadi ya vidonge alivyopewa imepigwa hesabu kwa uzito wake, ndiyo maana alipandishwa kwenye mizani kabla ya kuandikiwa. Mkojo mwekundu si damu. Ni rangi ya rifampisini, mojawapo ya dawa nne zilizomo kwenye kidonge kile, na hata machozi na jasho linaweza kuwa na rangi hiyo. Haidhuru chochote isipokuwa nguo nyeupe.

Sasa swali lako kubwa. Mimi ni mfamasia, si daktari, ingawa kwenye dirisha la dawa kila mtu hutuita hivyo, lakini kwa jambo hili umefika penyewe.

Kidonge ukikimeza hakiendi moja kwa moja kwenye ugonjwa. Kinayeyuka, dawa inapenya ukuta wa utumbo mwembamba, na damu inayotoka huko hupitishwa kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini huichukulia dawa kama linavyoichukulia sumu yoyote; halijui kwamba umeimeza kwa maagizo ya kliniki. Ndani ya seli zake, na kwa kiasi fulani kwenye ukuta wa utumbo wenyewe, kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoibadili dawa kidogo kidogo mpaka iwe kitu ambacho figo zinaweza kukitoa kwa mkojo, au nyongo ikakipeleka utumboni kikatoka kwa choo kikubwa. Kwa hiyo kiasi cha dawa kilichomo kwenye damu hakitokani tu na ulichomeza. Chukua ndoo yenye tundu, iweke chini ya bomba: maji yanaingia kwa kasi ileile, ila kimo chake kinaamuliwa na ukubwa wa tundu. Wewe na mzee mlikuwa chini ya bomba moja. Matundu ndiyo yalitofautiana.

Kidonge mlichoanza nacho mwaka 2014, kwa maelezo yako, kina kila dalili ya kuwa TLE: tenofoviri, lamivudini na efavirenzi. Ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikikulewesha. Efavirenzi huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inapenya kirahisi hadi ubongoni, na chakula chenye mafuta huifanya iingie kwa wingi zaidi. Ndiyo sababu mliambiwa mnywe wakati wa kulala, bila chakula cha mafuta. Kuiondoa mwilini ni kazi ya kimeng'enya kimoja hasa, kiitwacho CYP2B6.

Hapo ndipo familia zinapoachana. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayoelekeza kimeng'enya hicho kitengenezweje, moja ya baba na moja ya mama. Ipo nakala iliyobadilika herufi moja, ambayo wataalamu huiandika 516G>T, na mwenye nayo hupata kimeng'enya pungufu. Mwenye nakala mbili za namna hiyo huiondoa efavirenzi polepole mno. Nakala hiyo imeenea zaidi Afrika kuliko Ulaya. Huko Zimbabwe, kundi la Collen Masimirembwa lilichapisha mwaka 2008 utafiti wa wagonjwa wa nje waliokuwa wakitumia efavirenzi. Karibu nusu ya nakala zote walizopima zilikuwa za aina ya polepole, na wakapendekeza mwenye nakala mbili apunguziwe dozi kwa asilimia 35. Miaka saba kabla yao, watafiti wa Uswisi walikuwa wamekwisha kuonyesha kwa nini hilo ni muhimu. Dawa ikiwa chini ya miligramu 1 kwa kila lita ya utegili, ile sehemu ya majimaji ya damu, virusi hupata upenyo. Ikizidi miligramu 4, matatizo ya kichwa (ndoto, kizunguzungu, usingizi kupaa, hata kuchanganyikiwa) huonekana takriban mara tatu zaidi.

Huenda nawe una nakala mbili za polepole. Hakuna aliyekupima jeni, ndiyo maana nasema huenda. Kinachonielekeza huko ni miezi sita uliyoitaja. Kwa watu wengi ulevi wa efavirenzi hupoa baada ya wiki mbili hadi nne, kwa sababu dawa hiyo huliamsha ini lizidishe vimeng'enya, na ubongo nao huzoea. Kwako haikupoa. Wifi yako basi hakukosea sana: alitaja damu palipostahili ini, na alisema mwili unaikataa dawa kumbe ulikuwa unaing'ang'ania. Ilikuwa inafanya kazi yake vizuri, tena kupita kiasi.

Halafu jeni nazo si neno la mwisho. Watafiti wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Ethiopia na Sweden waliwafuatilia wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia, wakachapisha matokeo mwaka 2013: hata walipowalinganisha wenye aina moja ya jeni, Watanzania walikuwa na efavirenzi nyingi zaidi kwenye damu. Chakula, dawa nyingine, magonjwa ya ini, jeni nyingine ambazo hazikupimwa, vyote vinaingia humo. Kwa hiyo mtu akikuuzia kipimo cha jeni kwa ahadi kwamba kitakuambia dawa ipi inakufaa na ipi haikufai maisha yako yote, mwache aende zake.

Utauliza, kama haya yalijulikana, kwa nini wote mlipewa miligramu 600? Dozi huchaguliwa kwenye majaribio, kwa kutafuta kiwango kitakachowatosha wengi, na miaka ya 1990 kila mtu aliogopa dozi ndogo kuliko kubwa, kwa sababu virusi visipobanwa mgonjwa anakufa. Naielewa hofu hiyo. Nisichokielewa ni kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo kurudi kuuliza swali. Jaribio la ENCORE1, lililohusisha nchi za mabara kadhaa, Afrika ikiwemo, liliwapa wengine miligramu 400 na wengine 600. Matokeo ya 2014 yalionyesha kwamba 400 ilivibana virusi sawasawa, na waliopata maudhi ya dawa walikuwa asilimia 37 dhidi ya 47. Mwaka huohuo mlioanza ninyi! Kufikia 2019 Shirika la Afya Duniani likaiweka ARV nyingine, dolutegraviri, mbele ya efavirenzi, na wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wakahamishiwa TLD (tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri), ambayo naamini ndiyo uliyobadilishiwa ukawa mzima. Dolutegraviri huvunjwa kwa njia nyingine, na jeni ile ya polepole haina kazi kubwa hapo.

Kuna jambo moja kuhusu zile siku za TLE ambalo kliniki nyingi hazikulieleza vya kutosha. Watu waliosumbuliwa kama wewe walikuwa wakiacha dawa zote kimyakimya ili wapumzike. Efavirenzi hupungua kwa nusu kila baada ya saa 40 hadi 55, na kwa mwenye kuiondoa polepole inaweza kubaki mwilini zaidi ya wiki tatu, huku dawa wenzake wameshatoka. Virusi vinabaki na dawa moja tu ya kupambana nayo, na hapo ndipo hujifunza kuishinda. Aliyesumbuliwa zaidi ndiye aliyekuwa kwenye hatari zaidi ya kuacha ghafla. Wewe ulivumilia, na nakuvulia kofia.

Turudi kwa binti. Kama kweli una nakala mbili za polepole, basi moja amepata kwako, hana ujanja. Lakini dawa zake nne hazitegemei kimeng'enya hicho. Isoniazidi, kwa mfano, hushughulikiwa na kimeng'enya kingine kiitwacho NAT2, nacho kina historia ndefu katika somo hili. Dawa ilianza kutumika mwaka 1952, na kabla ya muongo huo kwisha madaktari walikwisha kuona kwamba watu wamegawanyika. Kuna wanaoipunguza kwa nusu ndani ya saa moja au moja na nusu, na kuna wanaochukua kama saa tatu. Afrika na Ulaya wa polepole ni karibu nusu ya watu. Japani ni kama mmoja kati ya kumi. Unaweza kuwa wa polepole kwa efavirenzi na wa haraka kwa isoniazidi. Hakuna "damu kali" wala "damu dhaifu" ya dawa zote.

Wa polepole kwa isoniazidi wana hatari zaidi ya ganzi na kuchomachoma kwenye nyayo na vidole, kwa sababu dawa hiyo huumaliza mwili vitamini B6. Tiba yake haipunguzi dozi ya TB hata chembe: ni kidonge kidogo cha piridoksini, ambacho ndicho vitamini B6 yenyewe. Muulize binti kama amepewa. Kama hakupewa, aulize kliniki, hasa kama ni mjamzito, ananyonyesha, amekonda sana au anakunywa pombe.

Sasa nikuulize swali ambalo hukuniuliza. Binti ana kijiti mkononi? Au anatumia vidonge vya uzazi wa mpango?

Rifampisini ina tabia ambayo kila mfamasia anaiheshimu. Huliamuru ini lizalishe vimeng'enya vingi kuliko kawaida, hasa CYP3A4, ambacho huvunja sehemu kubwa ya dawa tunazogawa. Nguvu hiyo hufikia kilele baada ya wiki mbili hivi za kuimeza, yaani alipo binti yako sasa, na huchukua kama wiki mbili kuisha baada ya kumaliza tiba. Katika miezi yote hiyo, homoni za vidonge na za kijiti huvunjwa haraka kuliko zilivyokusudiwa. Kinga inaweza kupungua bila dalili yoyote. Efavirenzi nayo ina tabia hiyo kwa kiasi chake: Uganda, utafiti uliochapishwa 2016 uliwafuatilia wanawake 20 waliokuwa na kijiti huku wakitumia efavirenzi, homoni kwenye damu ilishuka kwa karibu nusu, na watatu wakapata mimba kabla mwaka haujaisha. Kijiti hakikuwa kibovu. Ini lilikuwa na kasi. Kwa hiyo binti aongeze kondomu, au azungumze na mtoa huduma kuhusu kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni na rifampisini haikigusi. Namwona mtu akiona aibu kulitaja hili mbele ya mama yake. Mwache aende peke yake dirishani.

Rifampisini hiyohiyo huishusha dolutegraviri. Ndiyo sababu mtu wa TLD akipata TB huongezewa kidonge kingine cha dolutegraviri cha miligramu 50, saa 12 baada ya TLD, mpaka wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini. Na wewe unayeishi naye nyumba moja huku uko kwenye TLD, hujaniambia kama umekwisha kuchunguzwa TB. Nenda wiki hii. Wakikukuta huna, watakuanzishia dawa kinga, ambayo mara nyingi ina isoniazidi, na mazungumzo ya vitamini B6 yatakuhusu wewe mwenyewe.

Kuhusu chakula nitapita haraka, ila kuna mfano mmoja nisioweza kuuacha, kwa sababu kila nyumba ya Tanga inaujua. Dawa mseto ya malaria, ALu, ina lumefantrini, dawa inayokataa kabisa kuingia mwilini bila mafuta. Kwa watu wazima wenye afya, mlo wenye mafuta mengi uliongeza kiasi kinachoingia hadi mara 16. Mara kumi na sita! Mgonjwa asiye na hamu ya kula anameza vidonge vyake kwa maji matupu, siku chache baadaye homa inarudi, na lawama inaiangukia dawa kuwa feki. Huhitaji pilau, kikombe cha maziwa kinatosha. Efavirenzi ilikuwa kinyume chake, mafuta yaliongeza ulevi. Kwa hiyo "kabla ya kula" na "baada ya kula" si adabu ya mezani, ni sehemu ya dozi. TLD yako nayo ina masharti yake: vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, vya kalsiamu, au dawa za kiungulia zenye magnesi na alumini huikamata dolutegraviri tumboni isipenye. Meza TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Chuma na kalsiamu unaweza kuvimeza pamoja na TLD kama unakula wakati huohuo. Dawa za kiungulia, hapana. Na kama una kisukari na unatumia metformini, waambie, kwa sababu dolutegraviri huipandisha metformini kwenye damu na dozi huwekewa kikomo.

Balungi pia lina visa vyake. Wakanada ndio waliogundua, na matokeo ya 1991 yakawashangaza wengi, kwamba juisi yake hupandisha baadhi ya dawa za presha kwenye damu; baadaye ikajulikana kwamba huzima CYP3A4 kwenye ukuta wa utumbo. Mwenye kutumia nifedipini ya presha au simvastatini ya kolesteroli aliache.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba "polepole" ndiko kubaya. Si mara zote. Kodeini, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi, yenyewe ina nguvu ndogo. Ini ndilo huigeuza sehemu yake kuwa mofini, kwa kimeng'enya CYP2D6. Asiye na kimeng'enya hicho hapati nafuu. Mwenye nakala za ziada za jeni yake hupata mofini nyingi kupita kiasi kwa kijiko kilekile, na watoto wamekufa kwa kushindwa kupumua, hivyo Marekani ikaizuia kwa walio chini ya miaka 12 mwaka 2017. Eleni Aklillu na wenzake walikuta mwaka 1996 kwamba asilimia 29 ya Waethiopia waliowapima walikuwa na nakala hizo za ziada. Dawa ya kikohozi usimpe mtoto kwa kukisia.

Na mara nyingine kiasi cha dawa kwenye damu ni kilekile kwa wote wawili, ila mwili unaokutana nayo ni tofauti. Dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu ilibomoa chembe nyekundu za damu za watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea palepale penye malaria. Ini lao halikuwa na tatizo. Umri nao huingia hapa: ini la mtoto mchanga halijakomaa, figo za mzee zimepungua kasi, na mjamzito huondoa dawa kadhaa haraka kuliko alivyokuwa kabla ya mimba.

Utakapokwenda kliniki, usiseme tu "dawa inanikataa". Sema dawa gani, unaimeza saa ngapi, na chakula gani, usumbufu unaanza saa ngapi baada ya kumeza na umedumu wiki ngapi. Taja dawa nyingine zote, na mitishamba pia, hata kama unajua utakunjiwa uso. Mwaka 2014 maelezo ya "inaanza saa tatu baada ya kumeza, haijapungua tangu mwezi wa kwanza" yangeweza kukubadilishia dawa mapema zaidi.

Kwa binti, usumbufu wa kichefuchefu na viungo kuuma ni wa kuripoti kwenye tarehe yake ya kliniki. Macho yakiwa ya manjano, akitapika mfululizo, akiumwa upande wa kulia chini ya mbavu, au akianza kuona ukungu na kuchanganya nyekundu na kijani, asingoje tarehe. Aende siku hiyohiyo, na vidonge vyake mkononi.